Annalena Tonelli: Alisomea Sheria, Akahamia Wajir Kutibu TB, Kisha Sirkal Ikamwambia Atoke

Huku Nai ukiambia wasee umepata mboka Wajir, wanakupa pole kama umefiwa. Na hiyo akili haikuanza jana. Kwa miaka mingi, kutumwa kaskazini mashariki ilikuwa adhabu: karao amekosana na mkubwa wake, mwalimu amebishana na ofisi, anatupwa huko akapigwe na jua mpaka ashike adabu.

Sasa kuna mwanamke mmoja alitoka Italia mwaka wa 1969, akiwa na miaka 25 na digrii ya sheria mkononi, akapita Nai, akapita miji yote yenye mvua na umeme, akaenda kukaa Wajir. Hakutumwa. Hakuwa anapelekwa na kanisa wala shirika. Na alipokuja kutolewa huko miaka 15 baadaye, haikuwa juu amechoka. Alitolewa juu alikataa kunyamaza.

Najua mmezoea tukiwaletea nani ameachana na nani. Leo nipeni dakika kadhaa na huyu. Anaitwa Annalena Tonelli, na kama una mathee ama guka alikuwa Wajir miaka ya sabini, muulize. Anamjua.

Alizaliwa Forlì, mji wa kaskazini mwa Italia, mwaka wa 1943, wakati vita vya pili vya dunia bado vinawaka. Akasomea sheria Bologna. Hapo ukicheki vizuri njia yake ilikuwa imenyooka: ofisi, kesi, chapaa, maisha. Lakini hata akiwa bado mwanafunzi alikuwa anashinda kwenye mitaa duni ya mji wake, na watoto wa makao na wasichana waliodhulumiwa. Yeye na wenzake walikuwa na kamati ya kupigana na njaa duniani, na hiyo kamati ndiyo ilikuja kumtumia pesa kidogo kidogo maisha yake yote. Hiyo digrii hakuwahi kuitumia kortini. Mi ni msee wa kuacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo siwezi nikamhukumu mtu kwa kuacha masomo yake yaende. Tofauti ni kwamba mimi niliacha nikarudi kulala kwetu. Yeye aliacha akavuka bara.

Aliingia Kenya kama mwalimu. Ndiyo kazi pekee aliyoona anaweza kuifanya bila kudanganya mtu. Akaanzia upande wa Nyeri, kwenye baridi na majani chai, halafu akaelekea Wajir kufundisha sekondari.

Wacha nikupe picha ya Wajir wakati huo, juu bila hiyo hutaelewa ngori yote iliyofuata. Ukitoka Nai unavuka daraja la Mto Tana, unaingia Garissa, ndiyo ilikuwa makao makuu ya mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki. Kutoka Garissa unapanda Modogashe, Habaswein, mchanga na miiba, ndiyo ufike Wajir. Vita vya shifta vilikuwa vimeisha juzi tu. Kati ya 1963 na 1967 watu wengi wa huko walitaka kuungana na Somalia, Nairobi ikasema haiwezekani, bunduki zikaongea. Vita vikaisha kwenye karatasi, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki kule mpaka 1991. Yaani kama ulizaliwa Wajir wakati huo, sirkal ilikuangalia kwanza kama shifta, kisha kama raia, siku ikipata nafasi.

Hapo ndipo anatua huyu mzungu. Na yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba kila kitu chake kilikuwa kinamkataa. Alikuwa kijana kwa watu wanaoheshimu wazee. Mweupe, na weupe walijulikana kwa kujiona. Mkristo kati ya Waislamu. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na mume na hakuwa anatafuta, jambo ambalo kwa jamii ya Wasomali halikuwa na maana yoyote. Watoto walimrushia mawe. Wazee wakajiuliza amekuja kubadilisha dini ya nani.

Hakubadilisha ya mtu. Alijifunza Kisomali, akajifunika kichwa, akaishi na vitu vichache sana. Kisha ukame ukapiga, njaa ikaingia, na akaanza kuona watu wakifa mbele yake. Wengi walikuwa wanakohoa.

Kifua kikuu, TB, kule kilikuwa aibu. Familia ilikuwa radhi iseme ni homa, ni baridi, ni jicho baya, bora hilo jina lisitajwe. Mgonjwa anawekwa kando, chombo chake kando, na mwishowe anaachwa. Annalena akaacha chaki. Huyu si daktari, mkumbuke, huyu ni mtu wa sheria aliyekuwa anafundisha shule. Akaanza kukaa na hao waliokuwa wameachwa, akasoma vitabu vya tiba usiku, na kwa miaka iliyofuata akafanya kozi za kweli: kudhibiti TB hapa Kenya, magonjwa ya nchi za joto Uingereza, ukoma Hispania. Kwa hivyo wakikuambia umechelewa kubadilisha kazi, mtaje huyu.

Shida ya TB wakati huo haikuwa dawa peke yake. Matibabu ya zamani yalienda mwaka mzima ama zaidi, na sindano nyingi. Sasa mfugaji mwenye ngamia, anayefuata mvua, utamwambiaje akae kitanda cha hospitali mwaka mmoja huku mifugo yake inakufa? Alikuwa anameza wiki tatu, anahisi nafuu, anahepa. Miezi michache baadaye anarudi akiwa mbaya zaidi, ama harudi. Na TB iliyotibiwa nusu inarudi ikiwa sugu, dawa haziigusi tena.

Mwaka wa 1976 akapewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu TB kwa wahamaji. Na wazo lake lilikuwa rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hakuna mtu alikuwa amelifikiria. Badala ya kumlazimisha mfugaji aje hospitali, hospitali ikakaa kama kwao. Mgonjwa alikuja na kibanda chake juu ya ngamia, akakifungua pale kwenye uwanja, akakisimamisha, akaishi na mtu wake wa kumpikia. Kila siku anameza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Dawa mpya za wakati huo zilikuwa zimefupisha matibabu hadi miezi 6, na baada ya hiyo miezi mtu alikunja kibanda, akaondoka amepona.

Hiyo kambi waliiita Bismillah. Mwanamke Mkatoliki wa Forlì, kambi yake inaitwa kwa jina la Mungu kwa ulimi wa Waislamu. Hapo ndipo unaona alikuwa amejua mahali alipo.

Mtindo wa manyatta za TB ukaenea sehemu nyingine za kaskazini. Miaka ya tisini Shirika la Afya Duniani lilipoanza kusukuma dunia nzima kwamba mgonjwa wa TB ameze dawa akiangaliwa, kile wanachoita DOTS, watu wa Wajir walikuwa wameifanya kitambo. Tusidanganyane, hakuwa peke yake. Jirani zetu Tanzania, daktari Karel Styblo na mpango wa taifa wa huko walikuwa wanajenga kitu cha aina hiyo tangu mwisho wa miaka ya sabini, na hesabu zao ndizo ziliishawishi dunia. Lakini kwa wahamaji, Bismillah ilikuwa ya mapema sana.

Sasa tuingie kwenye siasa, juu hapo ndipo mambo yalikuwa yanaviringana.

Angalia mahali alikuwa amesimama. Kibali chake cha kukaa Kenya kilitoka kwa sirkal. Dawa zilipita kwa sirkal. Wagonjwa wake walikuwa watu ambao sirkal hiyo hiyo haikuwaamini. Koo za Wajir zenyewe, Degodia, Ajuran, Ogaden, zilikuwa na mizozo ya visima na malisho, na kila upande ulitaka kujua mzungu anaegemea wapi. Masheikh wanamwangalia kwa jicho moja, mkuu wa wilaya kwa jingine. Kwa miaka 14 alitembea katikati ya hao wote bila kuanguka. Njia yake ilikuwa kutokuwa na kitu cha mtu: hana shirika, hana mshahara, hahubiri, hagombanii. Mgonjwa ni mgonjwa, awe wa ukoo gani.

Mi naona hiyo ilikuwa siasa pia, hata kama yeye asingeiita hivyo. Kunyamazia mambo madogo ili mambo makubwa yaendelee. Ni hesabu ambayo kila mtu mwenye mradi kaskazini mashariki ameifanya. Novemba 1980 kule Garissa, baada ya maafisa wa serikali kuuawa, vikosi vilichoma mtaa wa Bulla Karatasi na kukusanya watu kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watu waliuawa. Na mkoa mzima ulijifunza kuongea kwa sauti ya chini.

Kisha ikafika Februari 1984.

Kulikuwa na vita kati ya Degodia na Ajuran. Serikali ikaamuru watu wasalimishe bunduki. Tarehe 10 Februari wanajeshi na polisi wakaanza kuzoa wanaume wa Degodia mjini Wajir na vijijini, wakawapakia malori, wakawapeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, kama kilomita 15 hivi kutoka mjini. Waliwavua nguo. Waliwalaza juu ya changarawe kwenye jua la Wajir, siku baada ya siku, bila maji na bila chakula. Waliokataa walipigwa risasi. Wengine walikufa kwa kiu. Wengine waliuawa wakijaribu kukimbia ua ulipovunjwa. Miili ilipakiwa tena kwenye malori ikatupwa porini, mbali, ili fisi wamalize kazi.

Annalena alikuwa na hesabu ya kufanya, na hakuwa na muda mrefu wa kuifanya. Ukiongea, unafukuzwa. Ukifukuzwa, mamia ya wagonjwa walio katikati ya dozi wanabaki bila wewe. Ukinyamaza, unabaki na wagonjwa wako, na dawa, na kibali, na kila mtu mjini anajua kwamba ulijua. Sijui kama kuna mtu wa kazi ya misaada leo ambaye hangechagua kunyamaza, na angekuwa na sababu nzuri kabisa za kuandika kwenye ripoti.

Yeye alichukua gari, akachukua watu wake, akaingia porini. Waliokota waliokuwa bado wanapumua. Waliwapa maji, waliwafunga vidonda, waliwarudisha. Waliokufa waliwazika, wale waliowapata. Alizuiwa, alipigwa, na aliendelea. Na kitu kingine ambacho watu husahau wakimfanya mtakatifu wa vidonda: alikuwa mtu wa sheria, na alijua ushahidi ni nini. Majina yakaandikwa. Picha zikapigwa. Kupitia kwa mke wa mwanadiplomasia mmoja wa Marekani, hayo majina na picha yakatoka Wajir, yakafika kwenye balozi Nairobi. Huko nje kukaanza kuulizwa maswali.

Bungeni, Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, akasimama na orodha ya waliouawa. Fikiria hiyo, 1984, Kenya ya chama kimoja, miaka miwili tu baada ya jaribio la mapinduzi, msee anasimama mbele ya serikali ya Moi na majina mkononi. Huyo naye anahitaji stori yake siku nyingine. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Miaka 16 baadaye ikakubali wamefika 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, kwenye ripoti iliyokabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta mwaka wa 2013, ikasema karibu elfu moja. Watu wa Wajir wana hesabu yao, na iko juu zaidi. Hata hiyo tume yenyewe haikuponea Wagalla: mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, alikaa kando kwa muda kuanzia 2010, na swali mojawapo lililomfuata lilihusu mkutano wa usalama uliofanyika Wajir siku chache kabla ya hayo yote. Yeye alikana kwamba alijua chochote.

Annalena aliamini kwamba kelele zile zilizuia mauaji yasiendelee kwa watu wengine wengi zaidi. Ni imani yake, na hakuna anayeweza kuipima kwa rula. Lakini wale waliorudishwa kutoka porini kwa gari lake walikuwa na hesabu rahisi zaidi.

Bili ikaja. Aliitwa mbele ya wakubwa, na kwa maelezo yake mwenyewe aliambiwa kwamba ametegewa mara mbili njiani akapona, na ya tatu hatapona. Kilichomuuma, nadhani, ni kwamba waliokuwa wanamtisha walikuwa Wakristo kama yeye, na waliookolewa walikuwa Waislamu. Mwaka wa 1985 akaondolewa Kenya. Miaka 15 ya kujifunza lugha, ya kuaminiwa, ya kujenga Bismillah, akaiacha nyuma. Manyatta iliendelea bila yeye. Hilo ni jambo la kumpa sifa kuliko yote, kwa maoni yangu: alikuwa amejenga kitu kisichomhitaji.

Ungefikiri angerudi Forlì, akatafuta lile koti la uwakili. Alivuka mpaka. Akaenda Somalia kwenyewe, akaanza TB upya, kwa njia ile ile ya Wajir. Na Somalia ndiyo hiyo ikaanguka mikononi mwake. Mwaka wa 1991 serikali ya Siad Barre iliondoka, vita vikaingia kila mtaa, njaa ikafuata. Yeye alikuwa Mogadishu, baadaye Merka, analisha watu na kutibu. Aliporwa, alipigwa, alitekwa. Alipoiachia hospitali ya Merka mikono mingine, daktari Muitaliano aliyeishika, Graziella Fumagalli, alipigwa risasi akafa Oktoba 1995.

Mtu mwingine angesoma hiyo kama barua. Yeye mwaka wa 1996 akahamia Borama, Somaliland, karibu na mpaka wa Ethiopia. Akachukua wodi ndogo ya TB akaikuza mpaka ikawa hospitali ya vitanda 250. Akaanzisha shule ya watoto viziwi na walemavu, watoto ambao walikuwa wanafichwa nyumbani. Akaleta madaktari wa macho wa kutoa mtoto wa jicho, na watu walioingia wakishikwa mkono wakatoka wakitembea wenyewe. Akaingia pia kwenye kupinga ukeketaji, pole pole, kwa kuongea na wanawake na masheikh badala ya kuwapigia kelele. Alipoanza kutibu watu wenye Ukimwi, kuna wakazi walikasirika, hospitali ikarushiwa mawe. Tena mawe. Wajir 1970, Borama miaka 30 baadaye. Unajiuliza kama alicheka.

Siasa hakuwa ameacha, alikuwa ameibadilisha sura. Kwa miaka mingi hakuongea hadharani, hakupenda kamera, hakutaka kuandikwa. Alijua jina kubwa ni shabaha kubwa. Lakini Juni 2003 Umoja wa Mataifa ukampa tuzo ya Nansen, ile ya wanaohudumia wakimbizi, akaenda Geneva kuipokea. Kila mtu sasa alijua sura yake. Yeye akarudi Borama kazini.

Tarehe 5 Oktoba 2003, jioni, akiwa na miaka 60, alikuwa ndani ya boma la hospitali akitoka kuwaona wagonjwa. Akapigwa risasi ya kichwa. Alikuwa amebakiza miezi michache afikishe miaka 35 tangu atoke kwao.

Asubuhi ya tarehe 6 wagonjwa wa Borama walikuwa wanangoja dozi ya siku hiyo, kama kila siku, na wahudumu aliowafundisha wakawapa.